Likizo Kati ya Mlima Elgon na Ziwa Victoria

Nchi inayoanzia kwenye vilele vya Mlima Elgon na kuteremka kupitia Kitale, Kimilili, Chwele na Bungoma hadi nyanda tambarare za Budalang'i, mahali ambapo Mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ina karibu kila kitu ambacho familia za Ulaya hukifuata katika maeneo yao ya maziwa na milima: baridi ya juu, misitu, mapango, maporomoko ya maji, na ziwa pana kiasi kwamba ng'ambo yake haionekani. Hata hivyo, mtoto wa Chwele akiulizwa alikwenda wapi wakati shule zilipofungwa, aghalabu hutaja jamaa badala ya mahali: alikwenda kwa nyanya Sirisia, kwa shangazi Kimilili au kwa mjomba Nairobi, na mlima aliouona kila asubuhi ukiwa umejifunika mawingu kaskazini mwa soko haumo katika orodha yake. Hali hiyo haitokani na kutojali uzuri wa nchi, kwa maana hata Ulaya palikuwa na wakati ambapo watu waliozaliwa chini ya milima hawakuipanda ila kwa kutafuta malisho, kuni au njia ya kuvukia upande wa pili.

Historia ya Uswisi inaonyesha wazi jinsi jambo hilo lilivyobadilika. Mfanyabiashara Mwingereza Thomas Cook aliongoza kundi lake la kwanza la watalii nchini humo mwaka 1863, na miaka minane baadaye, mwaka 1871, reli ya kwanza ya mlimani barani Ulaya ilifunguliwa kutoka Vitznau, kijiji kilicho kando ya Ziwa Lucerne, kupanda Mlima Rigi, hivyo kwamba mama mwenye mtoto mchanga au mzee asiyeweza kutembea aliweza kufika mahali palipokuwa pa vijana wenye miguu imara peke yao. Reli, lakini, ilifungua njia kwa wenye nafasi tu. Mfanyakazi wa kiwandani alihitaji kwanza siku za kupumzika zisizokatwa katika mshahara, na siku hizo zilipatikana kwa sheria, kama ile ya Ufaransa ya mwaka 1936 iliyowapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Uswisi yenyewe ilianzisha mwaka 1939 mfuko uitwao Reka, ushirika uliojumuisha vyama vya wafanyakazi, waajiri na watu wa biashara ya utalii, ambao kazi yake ilikuwa kuwawezesha watu wa kipato cha chini kuweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya safari, na baadaye ukajenga makazi ya likizo ambamo familia hujipikia yenyewe. Kwa hiyo picha ya baba, mama na watoto wakipiga makasia ziwani chini ya mlima wenye theluji ina nyuma yake sheria, nauli nafuu, akiba na jiko la kujipikia. Mandhari yenyewe ilikuwepo tangu zamani na haikumpeleka mfanyakazi popote.

Kipimo hicho kikichukuliwa kupimia Chwele, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba sheria ipo lakini inawafikia wachache. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kama likizo yenye malipo kamili, nayo humfaa mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti na mfanyakazi wa kiwanda; haimgusi mwenye kibanda cha mboga sokoni, mwendesha bodaboda, fundi wa jua kali wala mkulima wa mahindi na miwa, ambao mapumziko yao hulipwa na mifuko yao wenyewe, kwa kuwa siku ambayo kibanda kimefungwa ni siku isiyo na mapato. Chwele ni mji wa soko, tena soko linalovuta wauzaji na wanunuzi wa mifugo, kuku, ndizi, viazi na nafaka kutoka mlimani na kutoka tambarare, na familia nyingi za hapo hupanga wiki kwa kufuata siku za soko zaidi ya kufuata kalenda ya ofisi.

Jambo la pili ni kwamba likizo kubwa ya familia ipo tayari, ila ina sura yake. Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa kwa mapumziko marefu kuliko yote ya mwaka, waliohamia Nairobi, Eldoret, Mombasa na kwingineko hurudi nyumbani, nauli za mabasi na matatu hupanda, na boma lililokuwa na wazee wawili hujaa watoto, wakwe na wajukuu. Katika mwaka unaogawika kwa mbili, mwezi wa Agosti pia huwa na msafara wa namna hiyo, kwa maana ndio msimu wa tohara ya Wabukusu, sherehe ambayo ndugu zao Wagisu wa upande wa Uganda nao huifanya katika miaka hiyo hiyo. Safari hizi za kurudi nyumbani zina faida ambayo hoteli ya ziwani haiwezi kuiuza, kwani ndizo zinazomfundisha mtoto wa mjini ukoo wake, makaburi ya wazee wake na watu anaopaswa kuwaita baba mdogo au senge, yaani shangazi. Lakini si haki kuziita mapumziko bila kusema ni mapumziko ya nani. Mwanamume aliyerudi kutoka Nairobi huketi chini ya mwembe akizungumza habari za mashamba na michango ya harusi, watoto hucheza, na wanawake, waliorudi na waliokuwepo, huchota maji, hukoka moto, huchinja na kunyonyoa kuku, na hupika ugali wa watu ishirini mara mbili kwa siku hadi mwaka mpya uingie. Ikiwa likizo ni kuacha kazi ya kila siku, basi mama wa boma la Chwele huenda likizoni shule zinapofunguliwa.

Katika mazingira hayo, hoja ya likizo kati ya mlima na ziwa haihitaji kushindana na desturi ya kurudi nyumbani, kwa kuwa inaweza kukaa ndani yake: familia iliyokwisha kusafiri kilomita mia nne kutoka Nairobi hadi Chwele ina mlima, bwawa la wanyama, makumbusho, maporomoko na ziwa ndani ya mwendo wa siku moja kila kimoja, na siku mbili au tatu zilizotolewa katika Desemba zinatosha kuwaonyesha watoto nchi yao na kuwapumzisha wapishi.

Mlima Elgon, ambao Wabukusu na Wagisu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika, yaani mlima uliojengwa na mawe yaliyoyeyuka kutoka chini ya ardhi ambayo hayatoki tena, na ni mkongwe kuliko Kilimanjaro kwa mamilioni mengi ya miaka. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wa Kenya wapandaji wengi huelekea Koitoboss, chenye zaidi ya mita 4,100. Kitako cha mlima kina upana wa takriban kilomita 80, na ndiyo sababu mtu aliyesimama Chwele huuona kama mgongo mrefu mpole badala ya ncha kali, hata akadhani kwamba ni mlima mdogo. Juu kuna kaldera, yaani bonde kubwa la duara lililobaki baada ya kilele cha zamani kuporomoka ndani, na katika ukingo wake wa mashariki Mto Suam hupenya na kuteremka karibu na chemchemi za maji moto. Anayepanda huacha mashamba ya mahindi na viazi, akaingia katika msitu wa mitarakwa, podo na miti mikubwa ya tiki ya Elgon, kisha mianzi, na hatimaye katika nyika ya baridi ambamo mimea kama lobelia hukua kuwa mirefu kumpita mtu.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 169, na lango lake kuu, Chorlim, hufikiwa kutoka Kitale kupitia Endebess. Kwa familia ya Chwele hii ina maana ya kuzunguka mlima kupitia Kimilili na Kitale, njia ndefu kuliko inavyoonekana kwa macho, ingawa ni ya lami kwa sehemu kubwa. Wapo wanaopitia Kapsokwony na msitu wa Kaberwa kuelekea nyika za Chepkitale, lakini hiyo ni barabara ya gari lenye nguvu na si ya Probox iliyojaza watoto. Karibu na lango yapo mabanda ya Kapkuro, nyumba ndogo zenye jiko ambazo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hukodisha, na hizo ndizo zinazolingana zaidi na makazi ya kujipikia ya Waswisi yaliyotajwa hapo juu, kwa sababu familia inayobeba unga, sukuma wiki na nyama kutoka sokoni Chwele haitalazimika kulipia chakula cha hoteli kwa kila kinywa. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na watoto hulipa pungufu. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen, hivyo ni busara kuyamaliza mahali penye mtandao kabla ya kufika langoni.

Mapango ndiyo yanayoupa mlima huu sifa usiyoipata katika milima ya Ulaya. Pango la Kitum, linaloingia ndani ya mwamba kwa karibu mita 200, limekuwa likichimbwa na tembo kwa vizazi visivyohesabika: wanyama hao huingia usiku, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro, na kwa pembe zao huvunja vipande vya mwamba wenye chumvi, madini ambayo majani ya mlimani hayana ya kutosha. Mapango mengine, Makingeny likiwa kubwa miongoni mwao na lenye maporomoko ya maji mdomoni, yaliwahi kukaliwa na watu pamoja na mifugo yao, kama alivyoshuhudia msafiri Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana tembo wa Elgon, na mgeni wa leo ana uwezekano mkubwa wa kuona alama za pembe ukutani kuliko kuwaona wenye pembe.

Mzazi, hata hivyo, anapaswa kujua jambo moja kuhusu Kitum bila kutiwa hofu isiyo na mpaka. Katika mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliokuwa wametembelea pango hilo, mmoja wao mvulana, walifariki kwa ugonjwa wa Marburg, homa kali inayosababisha kutokwa damu, iliyo ya jamii moja na Ebola. Utafiti uliofuata katika Afrika Mashariki umeonyesha kwamba virusi vya ugonjwa huo hukaa ndani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Tahadhari yake ni rahisi: watoto wabaki mdomoni mwa pango pamoja na kiongozi wa hifadhi, wasishike popo wala kinyesi chao, na wanawe mikono kabla ya kula. Baridi nayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa usiku wa mlimani huhitaji blanketi na sweta ambazo mtu wa tambarare hana desturi ya kuzibeba, na kilele ni cha watu wazima na vijana waliozoea kutembea, wala si cha mtoto wa miaka sita, ambaye hewa nyembamba ya juu itamletea kichwa kuuma na kutapika.

Ziko pia sababu nzito zaidi zilizowafanya watu wa chini wauangalie mlima kwa mbali. Kwa wengi ulikuwa mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde wa Kimilili na kupigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, waliuhesabu kuwa mtakatifu. Kati ya 2006 na 2008, mgogoro wa ardhi uliozaa kundi la wapiganaji la SLDF, pamoja na operesheni ya jeshi iliyofuata Machi 2008, uliwaua, kuwatesa na kuwahamisha wakazi wengi wa wilaya ya Mlima Elgon, na soko la Chwele lilikuwa miongoni mwa mahali palipoona familia zikiteremka na magodoro vichwani. Huko Chepkitale, Waogiek wamedai kwa muda mrefu ardhi yao iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwa upande wao. Mgeni anayepita huko, hata awe jirani kutoka Chwele, anapita katika makazi ya watu, na ni adabu kumtafuta kiongozi miongoni mwao na kumlipa.

Inashangaza kidogo kwamba mmoja wa watu mashuhuri waliowahi kuja kukaa kwenye miteremko hii alitoka katika nchi ile ile ya maziwa na milima. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili aliyeishi Küsnacht kando ya Ziwa Zürich, alifika Elgon mwaka 1925, akapiga kambi kwa wiki kadhaa na kuwahoji wenyeji kuhusu ndoto zao kwa Kiswahili cha kubahatisha, kisha akaendelea kuelekea Mto Nile. Alikuja kutafuta kitu ambacho hakukiona tena kwao. Wenyeji, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, hawakuwa na haraka ya kumpa.

Kwa familia yenye watoto wadogo, mahali panapofaa kuliko mlima wenyewe huenda pakawa Bwawa la Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo kaskazini-mashariki ya Kitale, iliyotengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Eneo lake ni kama kilomita tatu za mraba tu, dogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, na halitembelewi kwa gari: watu hupita kwa miguu juu ya vijia vya mbao na kupanda minara ya kuangalizia, asubuhi na mapema au jioni, ambapo nzohe hutoka kula, huku tumbili wa De Brazza wenye ndevu nyeupe wakiruka mitini. Kitale penyewe yapo makumbusho yaliyotokana na mkusanyiko wa wadudu, vipepeo na vitabu wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyeyaanzisha kama makumbusho ya binafsi mwaka 1926. Leo yana nyumba za kiasili za jamii za magharibi, nyoka, mamba na kijia cha msituni. Wanafunzi wengi wa Bungoma na Trans Nzoia wameyaona kwa basi la shule, na hapo ndipo ulipo mkasa wa utalii wa ndani katika eneo hili: mtoto amefika na darasa lake, ilhali mzazi aliyelipa ada ya safari hiyo hajawahi kufika.

Kutoka huko maji huelekea kusini. Mto Kuywa na mingine midogo inayotoka Elgon huungana na Nzoia, nao Nzoia, karibu na Webuye, huanguka katika maporomoko ya Nabuyole, yaliyoitwa Broderick enzi za ukoloni, chini ya mlima wa Chetambe ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Ni mahali pa nusu siku, na pa kuwashika watoto mikono.

Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambazo Kenya ina sehemu sita tu katika kila mia, lakini sehemu hiyo ndiyo iliyo karibu. Wenye nafasi hupanda matatu hadi Kisumu, mji ambao reli kutoka Mombasa iliufikia mwaka 1901, ambapo familia inaweza kula ngege wa kukaanga kwa ugali katika ufuo wa Dunga, kupanda mashua jioni, na kuona wanyama katika bustani ya Impala bila kwenda mbali na kituo cha magari. Njia nyingine hupitia Busia hadi Sio Port au Port Victoria, bandari ndogo za wavuvi zisizo na hoteli kubwa lakini zenye ziwa lile lile na bei ya samaki ya chini zaidi. Mashua ipandwe yenye jaketi za kuokolea za kutosha, na mawimbi ya alasiri yaepukwe. Kuogelea kando ya magugu hakufai, kwa sababu ya kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozini, na kwa sababu ya viboko na mamba, ambao hawana msimu.

Kinachobaki ni wakati na fedha. Shule za Kenya hufungwa mara tatu kwa mwaka, lakini Aprili ni mwezi wa mvua kubwa, na Agosti, tofauti na inavyodhaniwa na watu wa Nairobi, bado ni mwezi wa mvua katika magharibi, na njia za msituni Elgon huwa utelezi mtupu. Desemba hadi Februari ndipo mlima unapokauka, kwa hiyo likizo moja tu kati ya tatu ndiyo inayofaa kwa mlima, nayo ni ile ile ambayo nauli zimepanda na ada za Januari zinangoja. Hapa ndipo mfano wa Reka unapokaribia Chwele kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa magharibi ya Kenya haina upungufu wa vyama, vile vikundi vya kuweka akiba ambavyo wanawake wa soko wamevitumia kununua masufuria, mabati na ng'ombe wa maziwa. Chama cha wanawake kumi na tano wanaoweka fungu dogo kila wiki kuanzia Februari kinaweza kukodi matatu nzima kufikia Desemba, kugawana mabanda, kubeba chakula chao na kuwachukua watoto pamoja, kwa gharama ya kila mmoja iliyo ndogo kuliko ya familia inayosafiri peke yake. Baadhi ya makanisa na vyama hufanya safari kama hizo kwenda Kisumu. Kuelekea mlimani ni wachache zaidi, na wanaopenda kuendelea mbele huvuka mpaka Suam au Lwakhakha kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu uliokubaliwa na Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014, ili kuona maporomoko ya Sipi karibu na Kapchorwa, wakiwa wameulizia mapema hati zinazohitajika kwa watoto wasio na vitambulisho na bima ya gari walilolikodi.